Diski Iliyotaka Kupulizwa

Diski ilikuwa na unyevu. Hilo ndilo lililomshangaza fundi kwanza, kabla hata ya harufu. Dada yake aliitoa ndani ya soksi ya mtoto, na soksi ilikuwa kavu, mkoba ulikuwa mkavu, na nje jua lilikuwa linachoma mpaka lami inalainika. Lakini diski yenyewe, kidude cheusi kinachoenea kiganjani, ilikuwa inateleza kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Fundi akaifuta kwenye suruali yake. Kisha akanusa vidole, maana watu wote hunusa hata wakikataa, akakunja uso.

Mtaa mzima ulimwita Puliza, na jina alilichuma mwenyewe. Kila kitu kilichowekwa mezani kwake alikipuliza kwanza. Simu, redio, rimoti, kibodi zenye makombo ya mikate ya watu asiowajua. Alivuta pumzi, akabinua midomo, fuuu! Wateja wageni walidhani anaganga. Wateja wa zamani walisogeza vikombe vyao vya chai. Pumzi ikishindwa, alilamba kidole gumba na kusugua. Jamani, ufundi tunauheshimu, lakini mate? Mke wake alishasema mpaka akachoka: "Wewe ipo siku utapuliza kitu, nacho kikupulize." Puliza alicheka tu.

"Ina nini, dada?"

"Mara inaonekana, mara haionekani. Nikiichomeka kwenye kompyuta ya shemeji yako, leo inakuja vizuri, kesho inaniambia hakuna kitu. Nikiitikisa inakuja. Nikigusa waya inapotea. Nimechoka, mdogo wangu."

Hakuhitaji kueleza kilichomo. Ndani ya diski ile mlikuwa na Kidoti, binti yake wa pekee, aliyechukuliwa na homa kabla hajaanza shule. Mjomba mtu, yaani Puliza mwenyewe, ndiye aliyempa jina hilo la utani kwa sababu ya kidoti cheusi alichozaliwa nacho shavuni. Simu ya baba yake iliyokuwa na picha iliibwa. Zilizobaki zote, picha na video, zilikuwa humo.

"Nikuulize kitu, usinicheke," dada alisema, na sauti yake ikashuka. "Kile kidoti chake kilikuwa shavu gani?"

Puliza alilitafuta shavu hilo kichwani, asilione. Yeye aliyempa jina! "La kulia," alisema kwa kukisia.

"Mimi nilidhani la kushoto. Baba yake anasema hakumbuki, halafu anatoka nje. Uso wake unanitoka. Nikifumba macho naona gauni, naona miguu, naona nywele zake alizokuwa hataki zisukwe, lakini hapa katikati hamna kitu. Sitaki mambo mengi. Nataka nimwone mwanangu uso wake, nisimsahau."

Akalia, lakini kwa kujibana, kama mtu aliyezoea kulia asisikike. Puliza alimpa kiti, akachomeka diski kwenye kompyuta yake. Taa ndogo ya diski haikuwaka. Kompyuta haikuona kitu. Akachomoa, akaileta mdomoni ilivyo desturi yake, akapuliza kwenye kile kitundu cha waya. Fuuu.

Alipoichomeka tena, kompyuta ililia kwa furaha, na mafaili yakajipanga kwenye kioo. Dada alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka. Puliza akafungua video ya kwanza iliyomjia. Uwanja wa nyuma wa nyumba, kamba ya nguo, mtoto wa gauni la kijani anakimbia amewapa mgongo, anacheka. Kicheko kile kile! Mtoto akapunguza mwendo, akaanza kugeuka, shavu likaanza kuonekana, na hapo hapo kioo kikaganda na diski ikapotea.

"Mrudishe," dada alisema, utadhani mtoto amefungiwa mlango.

"Nitamrudisha. Nenda nyumbani, dada. Niachie hiyo soksi nayo."

Sasa, Puliza ana mapungufu yake lakini kazi anaijua. Alianza na waya, maana matatizo mengi ya diski kuonekana na kupotea ni waya tu. Akabadilisha wa kwanza, akabadilisha wa pili. Akahama tundu, kutoka la mbele ya kompyuta hadi la nyuma lenye umeme wa uhakika. Akahama kompyuta. Akaiunganisha na kisanduku cha matundu mengi chenye umeme wake chenyewe, kwa wazo kwamba labda diski inakosa nguvu ya kuzunguka. Kote huko ilikaa bubu. Akaipuliza, ikaja, ikakaa kitambo, ikapotea. Akaipuliza tena, ikaja.

"Uchafu kwenye tundu," alijiambia, akachukua bisibisi kuifungua ganda.

Ganda lilipoachia, harufu ilimpiga usoni mpaka machozi yakamtoka. Ilikuwa harufu ya mdomo wa mtu aliyeamka mgonjwa, na chini yake kulikuwa na harufu ya bomba la maji machafu. Kwenye kona za ganda ulikuwa umejikusanya uteute wa kijivu, ule unaokaa kwenye shimo la bafu, na ndani ya ule uteute kulikuwa na unywele. Akaushika kwa kibano, akavuta. Ukaja. Akavuta, ukaja tena, mrefu, umelowa, umegandwa na mapovu ya sabuni, akawa anauzungusha kwenye kibano, na unywele unaendelea kutoka pale pembeni ya chuma ambapo hapakuwa na tundu hata la sindano. Ulipokatika, kitu kilifanya mlio mdogo wa kumeza. Puliza alilikimbiza mlangoni lile donge la unywele akalitupa mtaroni, akatapika hapo hapo kando yake. Muuza viatu wa jirani akamuuliza kwa mzaha kama amepata mimba.

Alisafisha kila kitu kwa spiriti. Alisugua vile vijino vya shaba kwa kifutio cha penseli mpaka vikang'aa. Akaiunganisha diski tupu, bila ganda, moja kwa moja kwenye kompyuta kubwa. Bubu. Basi akainama, akapuliza, na safari hii, nasema alivyosema yeye, alipobinua midomo karibu na kile chuma alihisi kitu chororo na cha baridi kikigusa midomo yake, kikaipokea pumzi.

Jioni ile mke wake alifungua mlango, akarudi nyuma. "Umekula nini?"

"Sijala kitu."

"Basi umekufa na hujijui. Kapige mswaki, baba wa watu!"

Walikuwa na mtoto mmoja, waliyemwita Kinanda kwa kuwa hanyamazi hata akilala. Kinanda alimkimbilia baba yake kama kawaida, akafika nusu ya njia, akaziba pua. "Baba, unanuka choo," alisema kwa sauti ya majirani wote kusikia. Puliza alisukutua kwa chumvi, akapiga mswaki mpaka fizi zikatoa damu. Alipotema, mate yalikuwa ya kijivu.

Ungedhani mtu mwenye akili angeiacha hapo. Lakini dada alikuwa akipiga simu asubuhi, mchana na jioni, na kila akipiga aliuliza swali moja, "Umeuona uso?" Sauti yake ilikuwa inazidi kupungua. Shemeji alisema dada hali chakula, hana hamu ya kuishi. Kwa hiyo Puliza alifunga mlango wa duka mchana kweupe, akaketi kunakili. Alikuwa amekwisha kuijua tabia ya diski. Akipuliza, mafaili yalitiririka. Pumzi ikiisha, yalisimama, na kunakili kukaanza upya tangu mwanzo. Kichwa kilimzunguka, midomo ilimpasuka, kifua kikawa kama kimekanyagwa, naye akapuliza.

Umeme ulikatika. Feni ilizunguka kwa uchovu, ikasimama, na kompyuta kubwa ikazimika, taa zote zikazimika, isipokuwa kioo chenyewe, ambacho hakikuwa na betri wala sababu yoyote ya kuendelea kuwaka, kikabaki kinawaka. Video ikajifungua. Haikuwa uwanja wa nyuma tena, haikuwa mahali popote ambapo mtu mwenye akili timamu angempiga mtoto video, ilikuwa choo, choo cha nyumbani kwa dada yake, aliyajua yale marumaru yenye ufa, na gauni la kijani lilikuwa limesimama kando ya tangi la maji limempa mgongo, limelowa, linatiririsha maji mazito sakafuni, na Puliza akatazama tu jinsi kile kitu kilivyokuwa kinageuka polepole, bega, kisha sikio, kisha shavu, na palipopaswa kuwa na uso palikuwa na nyama nyeupe iliyovimba, laini, iliyokunjamana kama ngozi ya vidole vilivyokaa majini siku nzima, haina macho, haina pua, ina tundu moja tu la mdomo lililobinuka mbele, likifunguka na kufumba, likitafuta kwa kunusa.

"Mjomba," kikasema, kwa sauti ya Kidoti. "Mjomba, puliza."

Hivyo ndivyo Kidoti alivyokuwa akisema kila akijikwaa. Alikuja na goti lake au kidole chake, mjomba akapuliza, maumivu yakaisha. Hakuna mtu nje ya nyumba yao aliyelijua neno hilo. Kioo kikafanya ukungu, na ule ukungu ulikuwa upande wa ndani.

Puliza alitoka dukani bila viatu. Alimkuta dada yake ameketi kitandani, amekonda, kitenge kimemlegea, akamshika mabega kwa nguvu ambayo mdogo hamshiki nayo mkubwa wake.

"Dada, ile diski ulikuwa unaiweka wapi?"

Dada aligeuza uso ukutani.

"Niambie! Nimeona choo. Niambie ulikuwa unaiweka wapi!"

"Shemeji yako alitaka kuificha," alinong'ona. "Alisema picha zinanimaliza. Nikamwambia imepotea. Nikaiweka chooni, nyuma ya tangi la maji, maana ndiko pekee asikonifuata. Nilikuwa najifungia humo. Naibusu. Naongea naye."

"Unaongea naye vipi? Ulimwita?"

"Namwita jina lake. Lile la kweli, tulilompa alipozaliwa." Akakaza kitenge chake. "Nilimwita kila siku. Mwishoni nikawa naona kama ananiitikia."

Hata Puliza, ambaye si mtu wa mambo hayo, alihisi ngozi ya kichwa inajikunja. Chooni mtu hasemi hata "karibu." Mtu akigongewa mlango, anakohoa. Watoto wanafundishwa hilo kabla ya kufundishwa kunawa, kwamba huko kuna wenyewe, na wenyewe hawaitwi kwa majina ya watu. Na mwanamke huyu mzima, kwa uchungu wake, alikuwa amemwita marehemu juu ya shimo, akasubiri ajibiwe.

Puliza alimpeleka dada yake kwa Bi Mswaki. Ni bibi anayeuza miti ya kusugulia meno kwenye kona ya hospitali, ana meno yake yote, na anawatoa majini ambao waganga wenye bendera na ngoma wamewashindwa. Puliza alisema, "Shikamoo, bibi," na bibi akaziba pua kwa ncha ya mtandio kabla ya kusema marahaba.

"Kaa mbali, mwanangu. Umelishwa au umelisha?"

Walimweleza yote. Alisikiliza huku anachonga mti wake kwa kisu, na uso wake ulionyesha kinyaa kitupu, si hofu.

"Mimi nimezungumza na majini wa kila namna," alisema mwishowe. "Wapo waungwana. Anataka ubani, anataka marashi, unampa, anaondoka na adabu zake. Hili halina ukoo huo. Hili ni la mabomba, linaishi kwa makohozi na maji ya kuogea watu. Halikuwa na kitu, halikuwa hata na jina. Wewe mama ukalipa jina. Wewe fundi ukalipa pumzi. Limebakiza uso tu, basi litoke lije likae mezani mle nalo."

"Uso wa nani?" dada aliuliza, ingawa alijua.

"Wa mwanao. Linaukwangua kwenye hizo picha, na linaukwangua humo vichwani mwenu. Ndiyo maana hamumkumbuki. Diski inaonekana na kupotea kwa sababu hiyo, mwanangu. Linakuonjesha ili upulize tena."

Puliza aliuliza kama zingepona walau picha chache, walau moja. Bibi aliacha kuchonga. Alimtazama dada.

"Ukiivunja unapoteza picha. Ukiiacha unapoteza mtoto, halafu unalea lile. Mimi sivunji. Aliyeita ndiye anayefukuza."

Dada alinyoosha mkono. Aliomba apewe soksi. Akaivaa vidoleni, akaitazama, akaivua.

"Twendeni," alisema.

Walifanya kazi ile barabarani, mbele ya duka, adhuhuri, jua likiwa utosini, kwa sababu bibi alitaka mahali pakavu kuliko pote. Alimwaga chumvi ya mawe kwenye lami. Puliza alileta nyundo na diski akaishika kwa kitambaa. Ilikuwa ya joto, na ilikuwa inapumua, chuma chake kinapanda na kushuka. Bibi akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Diski ikaanza kuvuja. Uteute wa kijivu ulitoka kwenye pembe zote, ukatokota ulipogusa chumvi, na ile harufu ikatanda mtaa mzima mpaka muuza viatu akakimbia akaacha viatu vyake.

"Mama!" kikaita kutoka ndani. "Mama, giza. Mama, mwambie mjomba apulize."

Dada aliipokea nyundo, akaiinua, akaishusha. Machozi yalimtoka, kamasi zikamtoka, hakufuta. Puliza alijiona anabinua midomo, wallahi, midomo yake yenyewe bila kuambiwa, na Bi Mswaki akamziba mdomo kwa kiganja.

"Jina lile nilimpa mwanangu!" dada alipiga kelele. "Sikukupa wewe! Mwanangu amelala, hayuko chooni! Nalichukua jina langu, toka!"

Akapiga. Chuma kilipasuka, na kutoka ndani kikaruka kitu cha ukubwa wa ulimi, cheupe, kinachotambaa, kikajipindapinda kwenye chumvi kikitafuta maji, mtaro, mate, chochote, huku kinakauka na kunyauka mbele ya macho yao, mpaka kikabaki ngozi nyembamba ya kahawia ambayo bibi aliikanyaga kwa kisigino. Harufu ikakatika kama umefunga bomba.

Dada alikuwa amepiga magoti, macho ameyafumba. Halafu akacheka. Alicheka na kulia kwa pamoja.

"Kulia!" alisema. "Mdogo wangu, kilikuwa shavu la kulia! Chini ya jicho, hapa! Namwona! Oh, namwona mzima mzima!"

Puliza akafumba macho naye akamwona, na meno yake madogo, na kidoti chake. Wakakumbatiana pale barabarani bila aibu.

Bi Mswaki alikataa hata nauli. Alimpa Puliza mti mmoja wa mswaki, akamshika kidevu kama mtoto. "Sikiliza wewe. Lile limekosa jina, limekosa na uso. Lakini pumzi ulilipa kwa mkono wako, tena nyingi, na iliyo yako hairudi mara moja; mabaki yake bado yamo kifuani mwako, yanasubiri njia. Usipulize kitu mpaka mwezi mwingine uandame. Usipulize moto. Usipulize chai."

"Nimekuelewa, bibi," Puliza alisema, kwa ule wepesi ambao sote tunawaitikia nao madaktari.

Na alijitahidi, haki yake apewe. Alinunua brashi ndogo na pampu ya mpira ya kupulizia vumbi. Wateja walimtania kwamba sasa wambadilishe jina. Chai aliiacha ipoe yenyewe. Dada alianza kula, akaanza kusimulia vituko vya Kidoti bila kulia, na shemeji akarudi kukaa ndani jioni. Mke wake Puliza alimsogelea tena kitandani. Harufu ilikuwa imekwisha kabisa.

Siku moja mchana, mwezi mpya bado haujaandama, alikuwa nyumbani anafunga bawaba ya dirisha, akasikia kishindo nje na kilio. Kinanda ameanguka ngazini. Puliza alitupa bisibisi akakimbia. Mtoto alikuwa ameketi chini, goti limechubuka, damu inachuruzika, anapiga mayowe kama anayechinjwa.

"Baba, puliza! Puliza, baba, inauma!"

Ni baba gani anayekumbuka mwezi saa hiyo? Aliinama juu ya goti, akabinua midomo, fuuu, akapuliza tena, fuuu, taratibu, mpaka mayowe yakapungua yakawa kwikwi, na kwikwi zikaisha.

"Imepoa?" aliuliza.

Kinanda aliinua uso. Alikuwa amenyamaza, yeye asiyenyamaza hata akilala, na alikuwa anamtazama baba yake kwa makini bila kupepesa. Shavuni kwake, la kulia, chini ya jicho, kulikuwa na doa dogo jeusi. Vumbi la ngazini, Puliza alifikiri. Akalamba kidole gumba, akasugua. Doa halikutoka. Akasugua tena, kwa nguvu zaidi, na ndipo akaisikia ile harufu ya bomba, kwa mbali, ikitoka kwenye midomo ya mtoto iliyokuwa imeanza kubinuka.

"Asante, mjomba," Kinanda alisema.